Alama ya Kumi kwenye Mdeki wa Baba

Nilikuta mdeki wa Baba uvunguni mwa kitanda chake, kijijini kwao Kibimba, siku ya tatu baada ya kumzika. Wadogo zangu walikuwa nje wakigawana majembe na kuvutana juu ya baiskeli, mimi nikaachiwa chumba, maana wanaume wa kwetu wakiona ufagio wanakumbuka ghafla kwamba wana kazi nyingine. Ulikuwa umeviringishwa kwenye kipande cha turubai la wakimbizi, lile jeupe la nailoni ambalo miaka ile lilikuwa kila mahali, juu ya vibanda, kwenye mabanda ya mbuzi, kwenye madirisha ya watu ambao hawakukimbia kutoka popote. Sikuhitaji kufungua. Harufu ya mafuta ya bunduki na mafuta ya taa ilinitangulia, nikakaa sakafuni na ufagio wangu, na jambo la zamani likanirudia. Mtadhani lilikuwa huzuni ya msiba. Lilikuwa wivu, na mimi ni mtu mzima mwenye watoto sekondari.

Kwa asiyeujua, mdeki ni ufito mrefu wa kusukumia kitambaa chenye mafuta ndani ya mtutu wa bunduki. Wa Baba ulikuwa wa mti mgumu, una kichwa cha shaba mbele, na nyuma una mpini ambao ufito unazunguka ndani yake bila mkono wako kuzunguka. Baba alikuwa askari wa wanyamapori Biharamulo. Watu walimwita Bwana Nyama, kama walivyowaita wenzake wote, na sisi tulikaa kwenye nyumba ya kazi nje kidogo ya mji, njia ya kuelekea porini. Mimi ndiye niliyekuwa mtoto wake wa pekee wakati huo. Nilikuwa na Baba mzima, hakuna wa kugawana naye, na kila Jumamosi asubuhi nilikuwa na kazi.

Ndani ya mtutu kuna mifereji iliyochongwa ikizunguka, kama msokoto wa kamba ya mgomba. Risasi ikipita inashikwa na mifereji hiyo, inatoka nje ikijizungusha, ndiyo maana inakwenda moja kwa moja. Ukisukuma mdeki wenye kitambaa cha kubana, nao unazunguka taratibu kadiri unavyoingia. Baba alifunga uzi mweupe kwenye ufito karibu na mpini. Uzi ukianza juu, ukashuka upande, ukapita chini na kurudi juu, mtutu umemaliza mzunguko mmoja. Kazi yangu ilikuwa kuutazama uzi na kusema "hapo". Nikisema, Baba alikuwa anajibu, "Macho ya kwetu hayo." Basi wiki nzima nilikuwa naisubiri Jumamosi.

Halafu akaja Spesi.

Mnaikumbuka miaka ile, watu waliokimbia vita Burundi walivyokuwa wakipita Ngara na magodoro vichwani, siku baada ya siku, hadi sisi watoto tukaacha kuwashangaa. Bibi yangu, mama yake Baba, alikuwa huko Kibimba na nyumba yake karibu na njia. Spesi na mama yake walifika kwake kuomba maji. Mama yake alikuwa na ugonjwa wa kifua, akabaki kambini ambako kulikuwa na dawa. Bibi akamkatalia mtoto asiende kambini, na muhula wa shule ulipoanza akampandisha basi kuja kwetu. Alikuwa na miaka kumi na moja. Mimi nilikuwa na kumi na nimekwishaambiwa kwamba nimpokee kama dada.

Nilimpokea. Nilimpa nusu ya kitanda changu, nikalala nimempa mgongo.

Kilichoniuma kwanza kilikuwa maneno. Mimi nilikulia Biharamulo, Kiswahili changu cha shule na cha sokoni, Kisubi cha kuchezea na wenzangu, Kihangaza cha Baba nilikisikia nusu na kukijibu robo. Spesi alikuja na Kirundi chake, na Kirundi na Kihangaza ni ndugu wa karibu. Siku ya kwanza tu, mezani, Baba alisema jambo, Spesi akalijibu, Baba akacheka hadi akaweka kijiko chini. Sikuwahi kumchekesha hivyo. Nikauliza wamesema nini. Baba akajaribu kunieleza kwa Kiswahili, likawa jambo la kawaida kabisa, habari za kuku wa Bibi. Siku ya tatu nikamsikia anamwita Baba. Hakusema "Baba Adela", kama walivyosema majirani. Alisema "Baba" tupu, na Baba akaitika.

Jumamosi ikafika. Nikakaa kwenye nafasi yangu barazani, magoti kifuani, macho kwenye uzi. Spesi alikuwa anachambua maharage karibu na mlango. Baba akasukuma, mimi nikasema, "Hapo."

"Oya," akasema Spesi, ndiyo "hapana" ya kwao, akiwa bado na ungo mapajani. "Uzi haujazunguka."

Baba akaacha kusukuma. Akautazama uzi, akanitazama mimi, akauvuta mdeki na kusukuma tena polepole. Uzi ulikwenda hadi mwisho ukiwa umeinama kidogo tu upande wa kulia. Ndipo nikajua kitu ambacho hadi leo kinaniwasha masikio. Bunduki ile ilikuwa kuukuu, mifereji yake imelika na kitambaa hakikushika kitu. Huenda mwaka mzima uzi ule haukuwahi kuzunguka. Mimi nilikuwa nasema "hapo" kila nilipojisikia, nikiamini ninaona, na Baba alikuwa ananifurahisha tu.

"Kweli," Baba akasema. "Mtutu huu umekwisha. Nimekuwa nikitembea na bomba." Akacheka, akamwita Spesi aje akae karibu aone vizuri.

Kuanzia Jumamosi ile tulikuwa wawili barazani. Baba akaandika barua kwa mkubwa wake wa kazi kuomba mtutu mwingine. Haikuwa mchezo kwake. Misitu ilikuwa inakatwa kwa kuni za kambini, pori linafunguka, na nyati waliozoea kukaa mbali walikuwa wanaingia mashamba ya mahindi na kukanyaga watu. Kwa nyati alitaka risasi nzito na ndefu, na risasi ndefu haikubali mtutu wowote tu. Alitueleza jambo hilo kwa pia za kuchezea. Alichonga mbili kwa kisu, moja fupi ya mviringo na moja ndefu, nyembamba. Akatupatia kamba za mgomba tuzipige. Ile fupi unaipiga kidogo inasimama na kuzunguka yenyewe kwa raha zake. Ile ndefu, usipoipiga kwa kasi, inayumba na kulala ubavu.

"Risasi nayo ni hivyo hivyo," alisema. "Fupi nyepesi inatosheka na mtutu unaozungusha polepole. Ndefu nzito inataka mtutu wa haraka, mifereji imesokotwa kwa karibu. Mtutu wa haraka unaziweza zote mbili, bora usizidi mno. Mtutu wa polepole ukiulisha ndefu, risasi inalala ubavu hewani. Haipigi tena. Inachapa tu."

Nilielewa. Nataka mjue kwamba nilielewa vizuri sana, kwa sababu baadaye mtataka kuniombea radhi kwa utoto. Nilichoshindwa ni kuipiga ile pia ndefu. Spesi aliisimamisha mara ya pili tu, mkono wake mwembamba ukichapa kamba kama umelipwa. Baba akasema, "Basi, ndefu ni ya Spesi, fupi ya Adela." Ile fupi nikaitupa chooni siku hiyo hiyo.

Nikaanza kununa kitaalamu. Nilikula kidogo nikihakikisha wananiona, nilijibu kwa mabega. Spesi akinisuka nywele nilikuwa nasema ananiumiza, na hakuwa ananiumiza. Alasiri moja nilikuwa namenya mihogo nyuma ya jiko, nikamsikia Mama akimwambia Baba, "Mtoto wako anakonda kwa wivu, na wewe mchana kutwa unachekeana na yule."

"Nitafanyaje? Yule hana baba."

"Na huyu je? Unataka naye asiwe naye?"

Nilisikia Baba anakuna kidevu, sauti ya ndevu ngumu, kisha akasema, "Nitamwangalia." Nikamenya mihogo ile yote kwa furaha, nikijua nimeshinda kitu.

Mitutu ililetwa na Fundi Salumu wa mjini. Fundi huyu watu wake walitoka pwani zamani, alitengeneza baiskeli, cherehani na bunduki za serikali, kila kitu kwa utaratibu, na barakashia yake haikuwahi kuwa na mafuta. Tulimwamkia shikamoo, akaitika marahaba mbili, moja kwa kila mtoto. Alileta mitutu miwili iliyotoka ghalani, alama zake zimeliwa na kutu hazisomeki. Mmoja ulikuwa na madoa ya kutu ndani. Wa pili ulikuwa safi, ukichungulia unang'aa kama sufuria mpya.

"Chagua mwenyewe, Bwana Nyama," alisema. "Mimi nitafunga. Ningekupimia, lakini macho yangu siku hizi yana ukungu, na mzunguko haupimwi kwa kukisia. Huu safi ningeupenda zaidi, kama una kasi unayotaka."

Wakaubana ule wenye kutu kwenye meza. Baba akasukuma mdeki kidogo, uzi ukiwa juu, akachonga alama ndogo kwa kisu pale ufito ulipogusa mdomo wa mtutu. Hiyo ilikuwa alama ya kuanzia. Akasema, "Spesi, tazama." Akasukuma. Uzi ukashuka, ukapita chini, ukapanda. "Hapo," akasema Spesi. Baba akachonga alama ya pili kwenye ufito, penye mdomo wa mtutu, akatoa mdeki, akachukua futi ya kushonea ya Mama na kupima kati ya alama na alama. Inchi kumi.

"Kumi," akasema, na uso wake ukafunguka. "Ndiyo niliyokuwa naitaka. Ukimaliza mzunguko kwa inchi kumi, unaiweza risasi ndefu bila wasiwasi."

Wakaubana ule safi. Baba akanitazama, na nikaona kwamba anakumbuka maneno ya Mama. "Adela," akasema, "huu ni wako."

Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo penyewe. Niliuweka uso karibu na meza. Baba akaanza kusukuma kutoka alama ile ile ya kuanzia. Uzi ukashuka. Ulikuwa unakwenda pole, pole zaidi ya ule wa kwanza, na mimi niliona. Spesi alikuwa amesimama bega kwa bega nami, nikamsikia anavuta pumzi kama mtu anayejiandaa kusema. Sikutaka aseme kabla yangu. Zaidi ya hapo nilitaka kumpa Baba ile kumi yake, ule uso wake uliofunguka, nimpe mimi. Nikaacha kuutazama uzi. Nikatazama alama ya Spesi, ile ya kumi, ikisogea kuelekea mdomo wa mtutu. Ilipogusa, nikasema, "Hapo."

"Palepale pa ule wa mwanzo," akasema Fundi Salumu, ameridhika.

"Oya, Baba," akasema Spesi. "Bado. Uzi bado uko upande."

Baba alipotazama tayari alikuwa ameuvuta mdeki nyuma, uzi hauonyeshi kitu tena. Kwa kawaida yake alipima mara tatu. Kila kitu alipima mara tatu, hata mbao za banda la kuku. Akanitazama usoni. Nadhani nilikuwa karibu kulia, na yeye alidhani ninalia kwa sababu Spesi amenikatiza tena mbele ya mgeni.

"Adela ameona," akasema. "Fundi, funga huu safi."

Spesi alirudi kuchambua maharage.

Siku mbili niliishi kwa hofu. Siku ya tatu Baba akaenda kuijaribu bunduki kwenye kichuguu kikubwa nyuma ya nyumba, akabandika karatasi ya mfuko wa saruji kwenye ubao. Ghalani kulikuwa na risasi fupi tu, nyepesi. Akapiga tatu. Tukakimbia kuangalia, matundu matatu ya mviringo, karibu karibu, safi kama yametobolewa kwa msumari. Baba akanishika bega.

Hapo ndipo akili ya mtoto ilipofanya kazi yake. Nilisahau zile pia za kuchonga, nilisahau fupi na ndefu. Nilidhani uongo wangu umegeuka kuwa kweli. Nilisali kabla ya kulala nikamshukuru Mungu kwa kuurekebisha ule mtutu, nikamwahidi kwamba nitamwazima Spesi sweta yangu nyekundu. Sikumwazima.

Risasi ndefu zilikuja mwezi uliofuata, tano tu, zimefungwa kwenye kitambaa, ndefu kama kidole changu cha kati. Zilitolewa kwa sahihi na kila moja ilitakiwa kujulikana imekwenda wapi, kwa hiyo hazikuwa za kujaribia kwenye vichuguu. Na asubuhi ile ile wanaume wawili wakaja kutoka Runazi kwa baiskeli. Nyati alikuwa kwenye mahindi yao tangu jana, amemkanyaga mwanamke mguu, hatoki.

Baba alikuwa anavaa viatu. Spesi akachuchumaa mbele yake, akasema kwa Kiswahili ili na mimi nisikie, "Baba, tupime tena kabla hujaenda. Mara moja tu."

"Watu wananisubiri, mama."

"Nitautazama haraka."

Baba akafunga kamba ya kiatu. Kisha akainua kichwa na kunitazama mimi niliyekuwa mlangoni. Hakuwa na hasira wala shaka. Aliniuliza kama mtu anavyouliza kama mvua imekatika.

"Adela. Siku ile uliuona uzi?"

Nilikuwa na nafasi. Nimeirudia dakika ile mara nyingi kuliko sala. Ningeweza kusema sikuona, na angechelewa kidogo, na wanaume wa Runazi wangenung'unika, na Spesi angekuwa ndiye mwenye macho. Hilo la mwisho tu ndilo lililonishinda.

"Niliuona, Baba."

"Umesikia," akamwambia Spesi, akampapasa kichwa, akaondoka.

Walimrudisha alasiri kwenye lori lililokuwa linapeleka mahindi ya njano kambini. Sikumwona, lori lilipitiliza hadi hospitali ya Biharamulo. Niliyasikia kwa wale wanaume waliokuja na damu yake kwenye mashati. Alipiga ya kwanza kutoka mahali pazuri, karibu, nyati amesimama ubavu. Nyati akageuka tu. Baba akapiga ya pili mnyama akiwa anakuja. Nyati akamchukua kwa pembe kiunoni, akamtupa, akarudi tena, hadi watu wakamzunguka kwa mikuki. Mama aliketi chini barabarani. Spesi akamshika. Mimi nilisimama pale nikitazama jinsi anavyojua kumshika mama yangu.

Alipona, nisiwaweke roho juu. Nyonga na mbavu tatu, miezi kitandani. Siku tuliyoruhusiwa kumwona, Fundi Salumu alikuwepo wodini na kipande cha bati alichokikata kutoka kwenye kibanda cha shambani huko Runazi. Risasi moja ilimkosa nyati na kupita humo. Tundu lake halikuwa la mviringo. Lilikuwa refu, umbo la risasi yenyewe imelala, unaona hadi ncha yake.

"Imepita ubavu," Fundi alisema, sauti yake chini. "Ule mtutu si kumi, Bwana Nyama. Ni kumi na nne, au zaidi. Nani alipima?"

Spesi alikuwa upande wa pili wa kitanda na bakuli la uji. Akanitazama. Nilingoja aseme. Nilitaka aseme, nawaambia kweli, ili nimchukie kwa haki.

"Mimi," akasema Baba.

"Kwa mkono wako?"

"Kwa mkono wangu. Nilipima vibaya."

Fundi akakunja bati lake kwenye gazeti. Spesi akachota uji, akapuliza, akamlisha. Hakuna aliyeniuliza kitu. Nikajiambia kwamba Baba amesahau, homa imemla kumbukumbu, na Spesi anaogopa kufukuzwa.

Aliporudi nyumbani alitembea kwa fimbo, na porini hakurudi tena. Walimpa kazi ya kutunza ghala pale bomani, mlangoni mwa jengo la Wajerumani, akigawa risasi kwa vijana. Na hapa ndipo pana kichekesho cha kuuma. Sikuweza kumshika mkono. Kila alipoinuka nilikuwa natafuta kazi za mbali, kisimani hasa. Nilichota maji kuliko nyumba ilivyohitaji, mapipa yote yakajaa. Kwa hiyo aliyemshika Baba kumpeleka chooni, kumrudisha barazani, kumfunga viatu, alikuwa Spesi. Nilisema uongo nisigawane naye Baba, nikaishia kumpa Baba mzima. Nilikuwa nasimama kisimani na ndoo yangu nikiwaona wameketi pale barazani, wanazungumza lugha yao, na wivu ulinikaa tumboni kama nimemeza kokwa.

Mwaka uliofuata mama yake Spesi alipata nafuu na watu wao wakawaita, naye Spesi akavuka kurudi Burundi. Baba alimsindikiza hadi stendi kwa fimbo yake. Spesi aliingia kwenye gari na ile pia ndefu mfukoni. Nilipunga mkono kwa nguvu kuliko wote. Nilidhani sasa nyumba itarudi kuwa yangu, Jumamosi zitarudi. Lakini Baba alikaa barazani ametazama njia, na aliponisemesha alikuwa mpole, mpole sana, kama mtu anayeongea na mgonjwa. Alikuwa hivyo kwangu hadi alipokufa. Hakuwahi kunigombeza tena kwa jambo lolote, na mimi niliolewa, nikazaa, nikazeeka kidogo nikidhani ule ni upole wa maumivu ya nyonga.

Siku ile ya ufagio nilimpigia simu Spesi. Namba yake ilikuwa kwenye daftari la Baba, ukurasa wa kwanza, juu ya zetu. Hilo nalo niliona. Sasa anauza vitenge Muyinga, huko Burundi, sauti imekuwa nzito. Alikuwa amekwishapata habari za msiba na amekwishalia. Kwa kukosa la kusema nikamwambia nimeukuta mdeki.

"Una alama ngapi?" akauliza.

"Mbili. Ya kuanzia na ile ya kumi. Yako."

"Angalia vizuri, Adela. Pangusa."

Nikapangusa kwa pembe ya khanga. Mafuta ya miaka yalikuwa yameganda, yakatoka meusi. Upana wa mkono kutoka ile ya kumi kulikuwa na alama ya tatu. Iliingia ndani kuliko zile nyingine, imechongwa kwa kisu na mtu ambaye hakuwa na haraka. Sikuhitaji futi ya kushonea.

"Lini?" nikauliza.

"Alipotoka hospitali. Fundi alikuwa amefungua ule mtutu, akauleta nyumbani urudishwe ghalani. Baba akaniambia nimtazamie uzi. Alipima mara tatu."

"Akasema nini?"

Nilisikia sokoni kwao, mtu anaita bei.

"Alisema, mtoto alinipa kumi kwa kuwa alijua naitaka. Akacheka kidogo, halafu akalia. Akasema amekwisha kukusamehe, na mimi nikusamehe, na mtu asikwambie wakati yeye yuko hai, usije ukamwogopa."

Nilimshukuru. Nilisema yale yanayosemwa, karibu kwetu arobaini, salimia watoto, nikakata simu. Nje wadogo zangu walikuwa bado kwenye baiskeli. Nikauweka mdeki mapajani na kidole gumba kwenye ile alama ya tatu. Miaka yote hii nilidhani nimelibeba jambo lile peke yangu, kumbe walilibeba wawili, kila mmoja upande wake wa mpaka. Ningepaswa kuhisi nafuu. Nilimwonea wivu Spesi, upya, mbichi kabisa. Baba alinisamehe mbele yake, na mimi nilikuwa kisimani.